Karatasi Iliyorukwa

Kaka yangu amezikwa Balangdalalu, upande wa chini wa shamba alilopewa na watu wasiokuwa ndugu zake. Kwetu Endagikot wakisimulia habari zake husema alikuwa mkaidi, kwamba aliitwa akakataa kurudi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nawaacha waseme. Kwa mwaka mzima na zaidi hata mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wao, maana mimi nikikasirika nasikika mpaka barabarani.

Habari hii inaanza na daftari la baba.

Baba alianza kuandika baada ya kuvunjika mguu. Alikuwa mtu wa jembe na ng'ombe, hajui kukaa, na alipolazimika kukaa akawa anamwonea mke wa mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa akiishi naye: chai ya moto mno, chai imepoa, kuku wameingia ndani, nani kaacha mlango wazi. Yule binti akakonda. Siku moja nikamletea baba kaunta buku kutoka shuleni nilikokuwa nafundisha, na kalamu mbili, nikamwambia, "Baba, hebu gombana na hili." Nilikuwa natania. Yeye akalichukua kweli. Kuandika alijifunza ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, kwa hiyo herufi zake zilikuwa kubwa na alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta. Aliandika Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyofundishwa kuiandika. Lugha ya nyumbani ilikuwa ya kusema tu. Akimaliza aliliweka daftari chini ya godoro, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Alipofariki tukamzika, wageni wakaondoka, na daftari likaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeitwa msomi wa nyumba. Nililisoma kwa siku mbili. Alikuwa ameandika maisha yake tangu alipokuwa mchunga ndama. Aliandika ndoa yake, njaa, kuzaliwa kwetu mmoja mmoja, mama alivyofariki, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zake. Katikati ya daftari kukawa na karatasi moja iliyomhusu kaka yangu mkubwa, upande wa mbele na upande wa nyuma. Niliisoma nikaweka daftari chini, nikatoka nje nikalia mpaka majirani wakadhani kuna msiba mwingine.

Ili ieleweke, lazima niseme kilichotokea kati yao.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye miguu miwili alitaka kuwa mfanyabiashara. Vijana waliokuwa wakilima vizuri tu wakaanza kuzungumza habari za mtaji. Kaka naye akaingia. Baba alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, miezi miwili, na kaka ndiye aliyeachiwa nyumba. Akachukua maksai wawili wa baba, wale wa kulimia, akabadilishana na mtu mmoja wa Dongobesh ili apate nusu ya mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa na nia njema. Alisema baba atarudi atakuta unga unasagwa kwa jina letu na hatalazimika kushika jembe tena. Mashine ilisaga mpaka mavuno yalipokaribia kwisha, ikanyamaza, na mwenzake akahamia kusikojulikana. Wiki hiyo hiyo baba akatoka hospitali.

Alipita moja kwa moja zizini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, likizo, nikiwa bado chuo cha ualimu. Nilimwona akitoka zizini taratibu, akasimama katikati ya uwanja, akaligeukia jua, akamwambia kaka neno.

Neno lenyewe sitaliandika. Kwa Kiswahili lingekuwa kama kusema, macho yako yasiuone tena moshi wa nyumba hii. Ukilisoma hivyo unaona ni maneno ya mzee mwenye hasira, kesho atasahau. Kwa lugha yetu, likisemwa na mzazi aliyelielekea jua, ni kitu kingine kabisa. Halirudiwi hata na anayesimulia, kwa sababu anayelirudia anakuwa amelisema na yeye. Sisi ni watu wa kanisa, tunabatiza watoto wetu wote, na bado hakuna kati yetu ambaye angelitamka lile neno kwa mchezo.

Kaka aliondoka siku ile ile na koti lake. Akateremka Hanang, akapata kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano. Mashamba yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa, akabaki Balangdalalu, akaoa, akalima kidogo. Halafu macho yakaanza. Daktari aliita vikope: kope zinageuka ndani, nywele zinakwaruza mboni, vumbi linamalizia. Alichelewa kwenda hospitali kama tunavyochelewa sote. Alipopofuka kabisa alikuwa hajafika hata miaka arobaini na mitano.

Nyumbani hakuna aliyesema ni vikope. Hata yeye mwenyewe hakusema hivyo.

Sasa ile karatasi. Upande wa mbele baba aliandika jinsi alivyotoka hospitali, alivyokuta zizi tupu, na neno alilosema. Neno aliliandika kwa lugha yetu. Ni mstari huo peke yake katika daftari zima usio wa Kiswahili. Ukigeuza, upande wa nyuma, ameandika hivi: "Nimesikia macho ya mwanangu yamekufa. Leo nimetoka asubuhi sana nimeweka maziwa mdomoni nimeyatema upande wa Hanang. Neno langu nimelirudisha lote. Arudi hata kwa kushikwa mkono. Mguu wangu ungekuwa mzima ningemfuata mimi." Baada ya hapo anaendelea na habari za maharage kama kawaida.

Kwa nini hakutuma mtu, sijui. Nadhani alikuwa na kiburi, na nadhani alifikiri ameshamaliza kazi yake mbele ya Mungu, yaliyobaki yatajipa. Kaka hakuja mazikoni. Aliogopa kukanyaga uwanja ule, na mimi sikumlaumu wakati huo.

Nikamtumia salamu kupitia dereva wa gari la Katesh: baba ameandika habari zako, ni habari njema, nitakuja nikusomee. Jibu likarudi baada ya wiki mbili kwa mdomo wa dereva yule yule. Alilikariri barabarani njia nzima, maskini, ili asilipoteze. Kaka alisema: "Mwambie mdogo wangu nimeshukuru. Lakini yeye tangu utoto ni mtu wa kupatanisha watu. Akisoma yeye nitamsikia yeye, sitamsikia baba. Atafute mtu asiyetujua asome kwenye kanda, halafu aniletee kanda."

Ndiyo maana nikamtafuta mzee mmoja wa Dongobesh, msomaji wa kanda.

Alikuwa mstaafu, mtu wa nyanda zetu hizi hizi lakini wa ukoo mwingine na bonde jingine. Kwa miaka mingi alisoma masomo kanisani kwake, na watu walisema akisoma hata watoto wachanga wananyamaza. Baada ya kustaafu alinunua redio kaseti yenye kipaza sauti cha waya, akawa anatengeneza kanda. Tuseme mama mmoja ana kijana machimboni Mererani na hajui kuandika, anakuja kwa mzee anaeleza, mzee anapanga maneno na kuyasoma kwenye kanda, kanda inasafiri. Aliwasomea watu barua, wosia, historia za koo. Hakuna kampuni wala kibao mlangoni. Ukitaka kumpata unauliza nyumba ya mzee wa sauti.

Nilimkuta anafukuza kuku. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Alisema walimu wanajulikana kwa jinsi wanavyotazama ukuta wa mtu kama wanatafuta makosa. Nikacheka, ingawa sikuwa nimekuja kucheka.

Alinieleza utaratibu wake kama fundi anavyoeleza. Anasoma asubuhi tu, baada ya uji wa moto, kabla upepo haujaanza. Kuku wanafungiwa. Blanketi mbili zinatundikwa dirishani na mlangoni. Redio inawekwa juu ya gunia la mahindi, kwa sababu ukiiweka mezani inameza mtikisiko wa meza. Na jambo moja alilolisisitiza: yeye hasomi mbele. Hapitii daftari kwanza. "Nikishajua mwisho, sauti nayo inajua," alisema. "Anayesikiliza anaona kama ananisikia mimi. Nataka nifike pamoja naye." Nililipenda sana hilo. Niliona huyu ndiye hasa mtu anayetakiwa na kaka.

Mimi nami nikatoa masharti yangu. Asome kama ilivyo. Asinyooshe Kiswahili cha baba, asiongeze neno. Akaniuliza kanda ni za nani. Nikasema ni za mtu asiyeona. Akauliza ni ndugu wa mwandishi? Nikakataa kujibu. Nilikuwa nimeahidi kwamba msomaji hatajua mambo yetu, na mimi nikiahidi kitu nakishika mpaka kinaniumiza. Ningesema maneno machache tu, mzee, kuna karatasi moja humo ndani, isome pande zote mbili, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini niliona nikisema hivyo nitakuwa nimeuweka mkono wangu ndani ya sauti yake, na kaka angeusikia.

"Siongezi neno," mzee akasema. Tukakubaliana.

Ilimchukua siku sita. Siku ya Jumamosi nikaenda, nikakuta kanda nne zimefungwa kwa kitambaa, kila moja imeandikwa namba kwa kalamu nyekundu. Mzee alionekana amechoka. Alinipa daftari bila kunitazama usoni, akasema ni kazi ambayo hajawahi kufanya nyingine ya namna hiyo, na kwamba huyo mzee aliyeandika Mungu amlaze mahali pema. Nikadhani ameguswa kama mimi nilivyoguswa. Nilimshika mkono nikashukuru mara tatu.

Nyumbani nikaweka kanda ya kwanza. Alisoma polepole, kwa lafudhi ya kwetu, akikanyaga kila silabi kama mtu anayepita kwenye tope. Baba naye angesoma hivyo hivyo. Alipofika pale baba anapoeleza kubebwa mgongoni na dada yake kuvuka mto, nikashindwa. Nikazima. Msiba ulikuwa bado mbichi na mimi sikuwa na nguvu ya kumsikiliza baba kwa muda wa saa nne. Isitoshe gari la Katesh lilikuwa linaondoka kesho yake, na dereva hangojei mtu. Nikazifunga kanda zote nne, nikaongeza betri mpya, nikazituma.

Basi. Sikusikiliza zilizobaki. Ni kosa langu la kwanza na sina wa kumgawia.

Baada ya mwezi dereva alileta jibu. Alisema, "Mwalimu, kaka yako anasema amesikia yote. Anasema asante."

"Anakuja lini?"

"Hajasema kuja."

Nikamngojea. Nilimwambia mdogo wetu akarabati kile chumba cha nyuma, akapaka chokaa. Nilinunua shuka. Kila gari la kutoka Katesh likisimama nilijikuta natazama. Miezi ikapita, maharage yakavunwa. Mkoa wetu nao ukawa mpya, tukaanza kupeleka mafaili yetu Babati badala ya Arusha, na watu wakawa wanauliza kila kitu kitahamia wapi. Kaka hakuja. Nilimtumia salamu mara mbili, mara zote jibu lilikuwa lile lile, anashukuru, anawasalimu.

Hapo hasira ikanipanda. Nilisema baba amefanya nini zaidi? Mzee mzima ametema maziwa, amelirudisha neno lake, ameandika kwa mkono wake kwamba angemfuata kwa miguu, na mtu anajibu asante kama amepewa maji ya kunywa! Nililisema hilo kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wajomba. Nikasema huyu kaka yenu ana moyo wa jiwe, na chumba kile wekeni magunia. Wakaweka magunia.

Kilichonifumbua macho ni wifi yangu, mke wake. Nilikutana naye mnadani Dongobesh, amekuja na jamaa zake kuuza mbuzi. Alikuwa mwanamke mnyamavu, hatujazoeana. Tukasalimiana, nikamuuliza hali ya nyumbani, akasema wazima, kisha akabaki amesimama na mimi nikaona ana jambo.

"Wifi," akasema, "usinikasirikie. Zile kanda ulimtumia za nini?"

"Za nini? Hujazisikia?"

"Nimezisikia mpaka nazijua. Alizisikiliza zote siku ya kwanza. Akazirudia. Akazirudia tena, mara nne, mpaka betri zikafa, akanituma kununua nyingine. Nikamuuliza unatafuta nini humo? Akasema anajitafuta. Anasema mpaka pale ng'ombe wanapoondoka yupo. Kuzaliwa yupo, kuchunga yupo, kipaimara yupo. Baada ya ng'ombe hayupo tena. Baba hajamtaja hata kwa ubaya. Akasema, sasa nimejua, kwake nilikwisha."

Sikumwelewa. Nilimwambia haiwezekani, nimesoma kwa macho yangu. Akasema kanda ya tatu ipo hapa, ameileta kwa fundi kwa sababu ilianza kuliwa na redio. Tukaenda kwa fundi yule, kwenye kibanda chake, nikamwomba aiweke.

Nikaisikia sauti ya mzee: "Nikaingia zizini nikakuta kamba zimetundikwa na ng'ombe hawapo. Nikatoka nje. Nikasimama. Mtoto wangu wa kwanza akaja mbele yangu. Nikamwambia..." Hapo kimya. Kikohozi. Karatasi ikageuzwa, unaisikia kabisa. Kimya tena. Halafu: "Mwaka ule maharage yalikuwa mazuri, isipokuwa ya bondeni yaliingiwa na wadudu."

Nilitoka pale kibandani. Sikumuaga hata wifi yangu vizuri.

Nyumba ya mzee ni mwendo mfupi kutoka mnadani. Nilikwenda nusu nikikimbia, na shikamoo sikutoa, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu, maana sijawahi kuingia kwa mtu wa umri ule nikamnyima shikamoo. Nikasema, "Umeruka karatasi."

Hakujifanya hajui. Aliniwekea kigoda, mimi nikabaki nimesimama. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nasoma, kanda inazunguka. Nikafika kwenye neno lile. Liko kwa lugha yetu. Ni neno la macho. Na wewe ulikuwa umeniambia kanda ni za mtu asiyeona."

"Nilikwambia usome kama ilivyo!"

"Uliniambia nisiongeze. Nisikilize. Neno kama lile mtu husema mara moja, na hiyo moja inatosha. Nikiliweka kwenye kanda, litasemwa kila siku mtu akibonyeza. Litasemwa kwa sauti yangu, kwa mtu aliyekwisha kupofuka. Mimi nina wajukuu. Ningeanzaje?"

"Upande wa nyuma je? Uliusoma upande wa nyuma?"

Akasema hakuusoma. Aligeuza karatasi kwa kuificha, mkono juu yake, kwa sababu alidhani laana inaendelea.

Nilifungua mkoba, daftari nilikuwa natembea nalo, nikamwekea ule upande wa nyuma mbele ya uso. Akavaa miwani. Midomo yake ilisogea bila sauti. Alipomaliza akavua miwani, akaishika tu mkononi, machozi yakamtoka, mzee wa watu, bila kuyafuta. Akasema, "Nipe nisome upande huu. Kanda ipo. Nitausoma sasa hivi, upepo usiwe sababu. Hakika nitausoma."

Alikuwa ananipa dawa yenyewe. Mtu asiyetujua, sauti ambayo kaka aliiamini, maneno ya baba. Lakini mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kunishauri vizuri. Nilirudisha daftari mkobani nikamwambia kazi ya kwanza imetosha, na kwamba nitasoma mwenyewe, mimi siogopi maneno. Nikatoka. Huyu mzee sikumwona tena.

Jumatatu nikaomba ruhusa shuleni. Nikafika Balangdalalu saa nane mchana.

Kaka alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba, anapukuchua mahindi kwa vidole. Alikuwa amezeeka kuliko baba alivyozeeka. Nikasema, "Shikamoo kaka," na kabla sijamaliza akatabasamu akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na upepo mwingi." Maisha yake yote aliniita hivyo, mdogo wangu, hata nilipokuwa na watoto wakubwa. Nikakaa chini karibu yake. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kanda, mzee, karatasi. Alisikiliza huku vidole vinaendelea na mahindi.

"Kwa hiyo lipo," akasema. "Neno lile lipo."

"Lipo. Na lipo la kulirudisha, nyuma yake."

"Soma. Anzia zizini."

Nikaanzia zizini. Nilisoma vizuri. Nilisoma kamba zilizotundikwa, nikasoma nikatoka nje nikasimama, nikasoma mtoto wangu wa kwanza akaja mbele yangu. Nikafika kwenye mstari wenyewe. Nikainua macho nikamtazama. Alikuwa ameacha mahindi, uso ameuelekeza kwangu, yale macho meupe yamefunguka, anangoja.

Sikuweza. Mimi niliyemtukana mzee wa watu siku mbili kabla. Ulimi uliligusa lile neno la lugha yetu ukarudi nyuma, na kwa haraka ya mtu anayejikwaa nikalisema kwa Kiswahili. Nikasema, "Macho yako yasiuone tena moshi wa nyumba hii." Kwa Kiswahili lilipita, laini, kama kitu kilichosomwa gazetini. Nikageuza karatasi nikaanza upande wa nyuma.

Akanyoosha mkono kunizuia. "Ameliandika kwa Kiswahili?"

Hapo ndipo ningeweza kuponya kila kitu. Ningesema, hapana kaka, ameliandika kama alivyolisema, mimi ndiye niliyeshindwa. Lakini nilitaka sana tufike upande wa nyuma. Maneno yenyewe nilikuwa nayaona, hayako mbali, mistari michache tu. Nikasema, "Ndiyo."

Akarudisha mkono. Akasema kwa upole, si kwa hasira, "Baba asingeweza. Neno lile halina Kiswahili."

Nikajua nimefanya nini. Nikaanza kusema haraka haraka, nikakiri, nikasema ngoja nilisome lilivyo, na nikalisoma, Mungu wangu, nikalitamka lote kwa lugha yetu mbele ya uso wake, mkewe akatoka jikoni akasimama ameshika mdomo. Kaka mwenyewe hakushtuka.

"Hilo unalijua tangu siku ile," akasema. "Ulikuwa umesimama mlangoni na sufuria."

"Kaka, imeandikwa hapa. Naapa imeandikwa."

"Sawa. Soma na hayo mengine."

Nikasoma. Nikasoma maziwa, na upande wa Hanang, na neno langu nimelirudisha lote, na arudi hata kwa kushikwa mkono. Nikasoma ule mguu. Sauti ilikuwa inakatika na nikarudia mistari mara mbili ili isipotee hata herufi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama unavyomtikisia kichwa mtoto anayekariri sala aliyoitunga mwenyewe ili akufurahishe.

Nilipomaliza alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaupiga piga. Akamwambia mkewe alete chai, mgeni ametoka mbali. Kisha akainamia mahindi yake.

"Asante, mwalimu," akasema. "Umesoma vizuri."